Kichwa cha Yatima: Historia ya Usingizi wa Kifua na Swali la Songwe

Waarabu wana methali kuhusu mtu anayejifunza kuumika kwenye vichwa vya mayatima. Maana yake haihitaji ufafanuzi mrefu. Mwumikaji ambaye mkono wake bado haujazoea wembe haanzi na mtoto wa tajiri. Huanza na yule asiye na mzazi wa kuja kulalamika endapo damu itamwagika kupita kiasi. Kila tabibu lazima awe na mara yake ya kwanza, na jambo hilo halina lawama ndani yake. Lakini lipo swali ambalo vitabu vya historia ya tiba hupenda kulipita haraka: mara hiyo ya kwanza hufanyika juu ya mwili wa nani?

Katika makala haya nalileta swali hilo kwenye tawi moja la tiba ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka siku tunapolazwa mezani, nalo ni kazi ya mtaalamu wa usingizi pale kifua cha mgonjwa kinapokuwa hatarini. Dunia imejifunza, kwa gharama kubwa, kuuhamisha ujifunzaji huo kutoka kwenye mwili wa mtu kwenda kwenye mdoli na tukio la kuigiza. Hoja yangu ni kwamba ushahidi mzuri sana kuhusu namna ya kufanya hivyo umetoka hapa hapa Tanzania, na kwamba mkoa kama Songwe una haki ya kuudai.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia watu zaidi ya milioni 1.3. Tunduma ndiyo lango letu la kuingia Zambia, na kupitia Zambia, kufika kwenye migodi ya shaba ya Kongo. Reli ya TAZARA inapita hapo, barabara kuu itokayo Dar es Salaam inaishia hapo, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019. Anayeufahamu mji huo anaijua foleni ya malori. Mahali ambapo lori la mzigo, basi la abiria, bodaboda na mwenda kwa miguu wanagawana lami moja, mbavu zitavunjika.

Hebu tumfikirie utingo aliyebanwa ndani ya lori usiku. Paja limevunjika na tumbo linavuja damu ndani. Hayo yanaonekana, na ndiyo yanayompeleka chumba cha upasuaji. Mbavu mbili nazo zimevunjika, na ncha ya mmoja imetoboa pafu. Tundu ni dogo, na hewa inavuja taratibu kati ya pafu na ukuta wa kifua. Maadamu anapumua mwenyewe, anaweza kustahimili. Sasa analazwa kwa dawa, anawekewa mrija kooni, na hewa inaanza kusukumwa ndani kwa mashine au kwa mfuko wa mkono. Hewa ile inapenya kwenye tundu na haina pa kutokea. Pafu linasinyaa, moyo unasukumwa upande wa pili, mishipa inayorudisha damu moyoni inabanwa, na shinikizo la damu linaporomoka. Mpasuaji anatazama tumboni akidhani damu ndiyo inayoisha. Aliyeko kichwani pa mgonjwa ana dakika chache za kutambua kwamba adui yuko kifuani, kulisema hilo kwa sauti, na kuhakikisha kifua kinatobolewa upande huo ili hewa itoke.

Tukio hili halitokei kila wiki, na huo ndio ugumu wake. Mtu anaweza kufanya kazi miaka kadhaa bila kukutana nalo, kisha likamjia saa nane za usiku, akiwa peke yake. Katika hospitali nyingi za wilaya na mikoa yetu anayeketi kichwani pa mgonjwa si daktari bingwa, bali ni muuguzi au tabibu aliyeongezewa mafunzo ya usingizi na ganzi. Daktari bingwa yuko Mbeya, kilomita kama mia moja kutoka Tunduma, au Dar es Salaam, ambako ni mbali zaidi ya mara nane. Mgonjwa aliyeelezwa hapo juu hawezi kusubiri hata robo saa.

Ili tuone kwa nini kifua kina ugumu wa pekee, turudi nyuma kidogo. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya hadhira, na uvimbe ukakatwa shingoni. Katika miongo iliyofuata wapasuaji waliingia tumboni, kwenye viungo, hata kichwani. Kifua kilibaki kimefungwa. Sababu ilikuwa ya kimaumbile. Pafu hubaki limetanuka kwa sababu shinikizo linalolizunguka ndani ya kifua ni dogo kuliko la hewa ya nje. Kifua kikipasuliwa, hewa ya nje huingia na pafu husinyaa. Mgonjwa anayepumua mwenyewe katika hali hiyo hufa taratibu mbele ya macho ya daktari.

Mwaka 1904 huko Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani na sasa ni wa Poland, Ferdinand Sauerbruch alitoa jibu la ajabu. Alijenga chumba ambacho hewa yake ilipunguzwa shinikizo. Mwili wa mgonjwa pamoja na mpasuaji na wasaidizi wake vilikuwa ndani, kichwa cha mgonjwa kikatokeza nje kupitia tundu lililozibwa shingoni. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na Wamoraviani walikuwa wamekwisha kufika Mbozi. Neno letu la zamani la dawa ya usingizi, nusukaputi, wengi hulihusisha na neno la Kijerumani la kitu kilichoharibika. Mgonjwa wa nusukaputi, kwa hiyo, ni aliyekufa nusu. Sidhani kama kuna lugha iliyokiita kitu hiki kwa ukweli zaidi.

Chumba cha Sauerbruch hakikudumu. Jibu lililoshinda lilikuwa rahisi zaidi: badala ya kupunguza hewa nje ya pafu, isukume ndani kwa mrija uliopitishwa kooni. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Ivan Magill nchini Uingereza aliuboresha mrija huo alipokuwa akiwahudumia askari waliojeruhiwa uso. Mwaka 1942 huko Montreal, Harold Griffith na Enid Johnson walianza kutumia kurare kulegeza misuli ya mgonjwa mezani. Mwaka 1949 Eric Carlens wa Sweden alitangaza mrija wenye njia mbili, unaowezesha kupima na baadaye kupumulisha kila pafu peke yake. Tangu hapo ikawezekana pafu moja lipumzishwe ili mpasuaji alishughulikie, huku jingine likibeba uhai wa mtu.

Maendeleo hayo yalihamisha mzigo. Zamani mgonjwa alipumua mwenyewe; sasa mtu mwingine anapumua kwa niaba yake. Mwaka 1952 mjini Copenhagen, mlipuko wa polio ulipowalemaza watu misuli ya kupumua, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kupewa hewa kwa mfuko wa mkono. Mashine hazikutosha. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, wakiminya mifuko kwa mikono yao. Vifo vilishuka sana, na kutoka hapo kikazaliwa chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini tuone pia kwamba vijana wale walijifunza kazi hiyo juu ya wagonjwa wenyewe, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Historia ya kujifunza juu ya miili ya watu haikugawanya maumivu kwa usawa. Katika miaka ya 1840 huko Alabama, J. Marion Sims alijaribu mara nyingi upasuaji wa fistula juu ya wanawake watumwa, wakiwemo Anarcha, Betsey na Lucy, bila dawa ya usingizi. Mbinu ilipokamilika ndipo wanawake wazungu wakanufaika nayo. Januari 1848, karibu na Newcastle nchini Uingereza, binti wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alikufa kwa klorofomu alipokuwa akitolewa ukucha wa mguu. Ndicho kifo cha kwanza kilichoandikwa kutokana na dawa hiyo, ambayo ilikuwa haijatimiza hata miezi mitatu tangu ianze kutumiwa. Methali ya mwumikaji na mayatima inazieleza vizuri kurasa hizi.

Wazo la kutumia mdoli si jipya. Katika karne ya 18 mkunga Madame du Coudray, kwa agizo la Mfalme Louis wa 15, alizunguka Ufaransa vijijini akifundisha ukunga kwa mwanasesere wa kitambaa mwenye nyonga na mtoto. Ukunga aliujua kwa mikono yake, na alikwenda walikokuwa wakunga badala ya kuwaita Paris. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana tutalihitaji mwishoni.

Karne ya 20 msukumo ulitoka kwa marubani. Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani alitengeneza chombo cha kumfundishia rubani akiwa ardhini. Mwaka 1960 Åsmund Laerdal wa Stavanger, Norwei, ambaye kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza vitu vya kuchezea watoto, alitoa mdoli Anne wa kujifunzia kuokoa aliyeacha kupumua. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, Stephen Abrahamson na Judson Denson walitengeneza Sim One, mdoli aliyeendeshwa na kompyuta. Kifua chake kilipanda na kushuka, moyo ulidunda, macho yalifumba na kufumbua, na mwili uliitikia dawa. Mdoli huyo alitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa usingizi, ili wajifunze kupitisha mrija kooni. Utafiti waliouchapisha mwaka 1969 ulionyesha kwamba waliofundishwa naye walifikia kiwango cha umahiri kwa muda mfupi zaidi.

Hata hivyo Sim One aliachwa. Alikuwa ghali, na wakubwa wa taaluma hawakuona haja. Wagonjwa walikuwepo, hasa katika hospitali za umma. Kwa nini kununua mdoli? Hapa ndipo historia ya kifaa inapogeuka kuwa historia ya siasa. Jamii huona mdoli ni ghali pale tu inapouhesabu mwili wa maskini kuwa ni bure.

Ilichukua karibu miaka 20 kabla David Gaba na wenzake wa Stanford hawajaufufua mwigo, mwishoni mwa miaka ya 1980, na walikuja na ugunduzi mwingine. Machi 1977 ndege mbili kubwa ziligongana katika uwanja wa Tenerife, watu 583 wakafa. Uchunguzi uliwaelekeza wataalamu wa anga kwenye jambo lisilo la mitambo: rubani mkuu alianza kuruka bila ruhusa, na shaka iliyotolewa na mdogo wake haikuzingatiwa. Marubani wakaanza kufundishwa kuzungumza, kuuliza na kusikiliza. Gaba aliyahamishia mafunzo hayo chumba cha upasuaji. Mdoli alizidiwa kwa makusudi, timu nzima ikatazamwa inavyofanya, kisha wote wakaketi kuzungumza yaliyotokea bila kulaumiana.

Katika usingizi wa kifua faida yake inaonekana wazi. Pafu moja limepumzishwa, na ghafla kiwango cha oksijeni kinashuka. Mtaalamu hana budi kupandisha oksijeni hadi asilimia 100, kuhakiki kwamba mrija haujasogea, kunyonya makohozi, kumwambia mpasuaji, kupeleka oksijeni kidogo kwenye pafu lililolala, na ikibidi kuomba kazi isimame ili mapafu yote mawili yapumulishwe. Hatua hizo mwanafunzi anaweza kuzikariri kitandani kwake. Kinachomshinda ni ile ya kumwambia daktari mkubwa, tena hadharani, asimamishe mkono. Sisi tuliolelewa kuheshimu wakubwa tunaijua hofu hiyo. Muuguzi wa usingizi anayeona hatari na kunyamaza kwa adabu si mzembe. Amefanya alichofundishwa tangu utoto, na mwigo humpa mahali pa kufanya mazoezi ya kusema kabla uhai wa mtu haujategemea neno lake.

Tanzania imechangia sura zake mwenyewe katika historia hii. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilipima orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, chombo kingine kilichoazimwa kwa marubani, katika hospitali nane duniani. Pamoja na London, Seattle na Toronto ilikuwepo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mei 2008 upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, na leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafungua vifua ambavyo miaka michache nyuma vingepelekwa India.

Lakini sura muhimu kuliko zote iliandikwa Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyo Mbulu, mkoani Manyara, na ilihusu pumzi ya watoto wachanga. Mwaka 2010 wakunga wa hapo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa kutumia mdoli. Watafiti walipowapima miezi kadhaa baadaye, walikuta jambo la kufedhehesha wapenda semina: mbele ya mdoli wakunga walifanya vizuri zaidi kuliko awali, ila kazi yao halisi chumba cha kuzalia haikuwa imebadilika. Hospitali haikuutupa mdoli. Mdoli aliwekwa pale pale penye kazi, na mazoezi yakawa ya dakika chache kila wiki, pamoja na marudio ya kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mwelekeo huo ulipanuliwa baadaye kwenye hospitali 30 za mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya kina mama katika hospitali hizo vikipungua kwa takribani robo tatu. Songwe haikuwemo katika mikoa hiyo. Silisemi kwa lawama, kwani kila mradi huanzia mahali fulani. Ila matokeo yakishapatikana, kuendelea kukosa huwa ni uamuzi wa mtu.

Somo la Haydom linavunja mazoea mawili ya utawala wetu. La kwanza ni semina ya siku moja hotelini, yenye posho, picha ya pamoja na cheti. La pili ni kituo kikubwa cha kisasa kinachojengwa jijini, ambacho mtaalamu wa Tunduma atakitembelea mara moja katika miaka mitano. Vituo vya namna hiyo vina kazi yake, hasa kuwaandaa mabingwa watakaopumulisha pafu moja Muhimbili au Mbeya. Utingo wa lori hataokolewa na kumbukumbu ya ziara ya Dar es Salaam.

Wapo watakaouliza kama si anasa kuzungumzia midoli pale ambapo oksijeni, damu na watumishi bado havitoshi. Hoja hiyo ina uzito, na ninaijibu kwa yale ambayo mazoezi hufanya yanapofanyika ndani ya chumba halisi cha kazi. Timu inapoigiza kutoboa kifua saa nane za usiku, ndipo hugundua kwamba sindano ndefu iko stoo na mwenye funguo amekwenda nyumbani, kwamba mtungi wa oksijeni wa akiba ni mtupu, kwamba simu ya Mbeya aliyonayo mmoja wao haifanyi kazi. Mapungufu ambayo kwa kawaida hugunduliwa na marehemu hugunduliwa na mdoli, asubuhi yakaandikwa na kupelekwa kwa mganga mfawidhi. Mwigo basi hauko kwenye foleni nyuma ya oksijeni, kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba oksijeni haipo.

Mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi uliandikwa kwa kipindi cha 2018 hadi 2025. Kipindi hicho kimefika ukingoni, na hesabu mpya zitaandikwa. Ninapendekeza zianzie chini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Vwawa, hospitali za wilaya, na za madhehebu kama Mbozi Misheni, Isoko na Mwambani, kila moja iwe na mdoli wa gharama nafuu karibu na chumba cha upasuaji, na dakika kumi za kila wiki zilizoandikwa kwenye ratiba ya zamu kama sehemu ya kazi, bila posho. Matukio ya kuigizwa yatokane na barabara yetu wenyewe: mbavu zilizovunjika, damu kifuani, pafu lililotobolewa likisukumiwa hewa. Bingwa wa Mbeya azunguke kama alivyozunguka yule mkunga wa Ufaransa. Mpasuaji naye ashiriki, maana yeye ndiye anayepaswa kujizoeza kusikia neno «simama» kutoka kwa aliye chini yake.

Gharama kubwa ya mpango huu ni muda wa watumishi wachache ambao tayari wamechoka, na hiyo ni gharama ya kweli ambayo mwajiri lazima ailipe kwa kuongeza ajira. Lakini gharama ya kutofanya chochote nayo italipwa. Italipwa na abiria, dereva wa bodaboda, mama mchuuzi aliyekuwa akivuka lami, na kijana ambaye ndugu zake wako Nakonde na hawajui hata hospitali aliyolazwa. Hao ndio mayatima wa barabara kuu ya Tunduma, na mtaalamu wetu wa usingizi anastahili kuwa amekwisha kukosea mara kumi juu ya mdoli kabla hajakaa kichwani pao.